Herufi Isiyo na Kitufe: Historia Fupi ya Alama za Juu, kutoka Mashine ya Kuandikia hadi Kompyuta

0. Utangulizi

Swali la namna ya kuandika herufi kama é, ǒ au ɛ kwa kibodi ya kawaida huachiwa mara nyingi makarani na mafundi. Mwanaisimu hutunga kanuni za tahajia. Mpiga chapa hutafuta mwenyewe njia ya kuzitekeleza, na akikosa njia, huziacha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo wa kazi si jambo dogo, na kwamba tahajia za lugha zetu zimeamuliwa na chuma cha mashine kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyokubali.

Tuchukue mfano mmoja wa Kilingala. Kitenzi kokoma maana yake ni kuandika. Kitenzi kokóma, chenye toni ya juu katika silabi ya pili, maana yake ni kufika. Tofauti yote imo katika kijistari kimoja kilichowekwa juu ya o. Mwandishi asiyepata kijistari hicho kwenye kibodi yake humwachia msomaji kazi ya kukisia. Msomaji anayeijua lugha hukisia vema. Mwanafunzi, mfasiri na chombo cha kutafutia maneno katika maktaba hawana uhakika huo. Je, kijistari hicho kilipotea wapi, na nani alikipoteza?

1. Mashine ya kuandikia na kitufe kifu

Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine ya kuandikia huko Marekani mwaka 1868, na kiwanda cha Remington kikaanza kuiuza mwaka 1874. Mashine hiyo ilibuniwa kwa ajili ya Kiingereza, lugha ambayo karibu haina alama za juu. Idadi ya vitufe ilikuwa na mpaka, kwa kuwa kila kitufe kilihitaji mkono wake wa chuma. Kwa hiyo kila herufi iliyopewa nafasi iliinyima nyingine nafasi hiyo.

Wafaransa walipoipokea mashine hiyo mwishoni mwa karne ya 19, walibadili mpangilio wa vitufe, tukapata ule unaoanza na A, Z, E, R, T, Y. Herufi é, è, ç na à ziliwekwa katika safu ya juu, mahali pa tarakimu, na tarakimu zenyewe zikahitaji kitufe cha herufi kubwa. Kwa alama ya kofia na ile ya nukta mbili walitumia ufundi ambao jina lake ni kitufe kifu: nyundo hugonga karatasi na kuacha alama, lakini gari la mashine halisogei, hivyo herufi inayofuata huangukia chini ya alama hiyo. Kwa kitufe kimoja, mwandishi alipata â, ê, î, ô na û.

Ufundi huo ulikuwa na matokeo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba herufi kubwa É, È na À hazikupata nafasi. Wapiga chapa wa Kifaransa wakazoea kuandika herufi kubwa bila alama, na vizazi vya wanafunzi vikafundishwa kwamba ndivyo kanuni inavyotaka. Upungufu wa chuma ukageuka kuwa sarufi machoni pa watu wengi.

La pili linaigusa nchi yetu moja kwa moja. Katika mashine za mpangilio wa Kifaransa, zilizoingia Kongo pamoja na utawala na misheni, alama ya mstari unaopanda ilikuwa imefungwa kwenye e peke yake. Aliyetaka kuandika Kilingala aliweza kupata é na ô, lakini hakuweza kupata á, í, ó wala ú. Kofia iliyopinduliwa, inayoonyesha toni inayopanda, haikuwapo kabisa. Wala ɛ na ɔ. Njia iliyobaki ilikuwa kalamu: kupiga maandishi yote kwanza, kisha kurudi na kutia alama kwa mkono, na kurudia kazi hiyo katika kila nakala. Alama moja ikisahauliwa katika nakala moja, nakala hiyo inakuwa na maana nyingine.

2. Kwa nini Kiswahili kilipona

Kiswahili kilipita katika lango hilo bila taabu. Lafudhi yake sanifu haina toni za kutofautisha maneno. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hauhitaji kuandikwa. Irabu zake ni tano. Mfumo wa herufi za Kirumi ulioenezwa na wamisionari wa karne ya 19, kama Edward Steere ambaye kitabu chake cha sarufi kilitoka mwaka 1870, ulitumia herufi za kawaida na kuziunganisha mbili mbili: ch, sh, dh, th, gh, ny. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili, ilifuata njia hiyo hiyo. Kiswahili kinatosheka na herufi 24 na alama moja ya ritifaa katika ng'.

Ushahidi wa hapa kwetu unajulikana sana. Maandishi yaitwayo Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, yaliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, yalipigwa kwa mashine ya kuandikia, na Johannes Fabian akayachapisha upya pamoja na maelezo mwaka 1990. Tahajia yake haifuati Kiswahili sanifu, lakini Kiswahili hicho hakikuhitaji herufi yoyote iliyokosekana kwenye mashine. Waliokuwa watumishi wa nyumbani waliweza kuiandika historia yao kwa chombo kilichotengenezewa lugha ya mabwana wao, na chombo hicho hakikuwazuia. Lau wangeiandika kwa lugha yenye toni, sehemu ya usemi wao ingebaki nje ya karatasi.

3. Wanaisimu mbele ya mashine

Wanaisimu hawakulala. Richard Lepsius, huko Ujerumani, alitoa alfabeti yake ya jumla mwaka 1855, iliyojaa alama za juu na za chini ya herufi. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilishika njia iliyo kinyume. Katika kijitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu tahajia, ilishauri kwamba alama ziepukwe kadiri inavyowezekana, kwa kuwa huchosha jicho na husahaulika mkononi, na kwamba mahali pake zitumiwe herufi mpya kama ɛ, ɔ na ŋ. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kwa mwenye kiwanda cha kupiga chapa, anayeweza kusubu herufi mpya za risasi. Kwa mwalimu mwenye mashine ya kawaida, herufi mpya na alama ya juu zote zilikuwa mbali sawasawa.

Mjini Lubumbashi penyewe, mwezi Mei 1974, wanaisimu wa nchi yetu walikutana katika semina yao ya kwanza ili kusanifisha tahajia za lugha za taifa, na mwaka 1976 Chama cha Wanaisimu wa Zaïre kikapitisha kanuni zilizotokana na kazi hiyo. Kwa Kilingala, kanuni hizo zilitaka ɛ na ɔ ziandikwe, pamoja na mstari unaopanda kwa toni ya juu, kofia kwa toni inayoshuka, na kofia iliyopinduliwa kwa toni inayopanda. Mwaka 1978 mkutano wa Niamey ulipendekeza alfabeti ya rejea kwa lugha za Afrika nzima, na miaka michache baadaye Michael Mann na David Dalby wakatoa mpangilio wa kibodi kwa ajili yake. Ili herufi zote zipate nafasi, walipendekeza kuacha kabisa herufi kubwa. Pendekezo hilo halikushika, lakini linatufundisha: hata waliotaka kuitumikia Afrika walilazimika kupunguza kitu ili mashine ikubali.

4. Kompyuta yarithi upungufu

Ingedhaniwa kwamba kompyuta, isiyo na mikono ya chuma, ingeliondoa tatizo. Haikuliondoa, ililirithi. Orodha ya misimbo iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963 na kukamilishwa mwaka 1967, ilikuwa na nafasi 128 tu, nazo zikajaa herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri za mashine. Waliokumbuka lugha nyingine waliweka mle kofia na mstari unaoshuka, wakitarajia kwamba mwandishi atapiga herufi, atarudi nyuma hatua moja, kisha atapiga alama juu yake. Kwenye karatasi njia hiyo ilifaa. Kwenye kiwambo, alama ya pili iliifuta ya kwanza.

Nchi za Ulaya zilijisaidia kwa kubadilisha baadhi ya nafasi. Katika toleo la Kifaransa, é ilikaa mahali pa mabano yaliyopinda, {. Ndiyo maana waraka uliotoka kompyuta moja ulionyesha mabano katikati ya maneno ulipofika kwenye nyingine. Mwaka 1981 kompyuta binafsi ya IBM ilileta nafasi 256. Mwandishi alishika kitufe cha Alt, akapiga 130 kwenye vitufe vya tarakimu vya pembeni, akapata é. Kwa 160 alipata á, na kwa 162, ó. Hapo Kilingala kilipata á na ó bila kalamu, japo kwa kukariri namba. Hata hivyo ǎ na ǒ hazikuwamo, wala ɔ. Herufi ε ya Kigiriki ilikuwamo, kwa faida ya wanahisabati.

Kiwango cha kimataifa ISO 8859 kilifuata, na sehemu yake ya kwanza, ya Ulaya Magharibi, ilitoka mwaka 1987. Ndani yake ilisahauliwa hata œ ya Kifaransa, ikaja kurekebishwa mwaka 1999 katika sehemu nyingine. Sehemu zote za kiwango hicho zilifika 15. Hakuna hata moja iliyobeba ɛ na ɔ. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Watafiti wa lugha za Kiafrika walibuni hila: walichukua fonti, wakafuta herufi wasiyoihitaji, wakachora ɛ mahali pake. Kwenye kompyuta yenye fonti hiyo kazi ilionekana safi. Penye fonti nyingine, kamusi nzima iligeuka kuwa vurugu la alama. Kazi za miaka mingi zilizohifadhiwa kwa njia hiyo hazisomeki leo bila kwanza kujua ni fonti gani iliyotumika.

5. Msimbo umepatikana, kitufe bado

Toleo la kwanza la Unicode lilitoka mwaka 1991, kwa azma ya kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake ya kudumu. Ndani yake ɛ na ɔ zina nafasi, ndogo na kubwa. Lakini é ya Kifaransa ina msimbo mmoja uliokamilika, ilhali ɛ́ ya Kilingala haina. Huandikwa kwa misimbo miwili, herufi kwanza na alama baadaye. Programu iliyotengenezwa vizuri huziweka pamoja. Iliyotengenezwa ovyo huiacha alama ikielea pembeni. Zaidi ya hayo, é yenyewe yaweza kuandikwa kwa njia zote mbili, na programu isiyolinganisha njia hizo itasema neno halimo, hali limo.

Kiswahili nacho kisijione kimeokoka. Ritifaa ya ng'ombe, ambayo kwenye kibodi zetu hukaa pamoja na tarakimu 4, programu nyingi za kuandikia huigeuza zenyewe kuwa alama ya kunukuu iliyopinda. Kwa jicho ni neno lile lile. Kwa kompyuta ni maneno mawili tofauti.

Msimbo, hata hivyo, si kitufe. Kibodi inayouzwa madukani ni ile ile ya kurithi. Ile ya Ubelgiji ina mstari unaopanda kama kitufe kifu, ukishika AltGr, na hivyo hutoa á na ó. Ile ya kawaida ya Ufaransa haina. Ufaransa yenyewe ilisubiri hadi mwaka 2019 kupata kiwango cha kibodi kinachowezesha kuandika É na œ bila taabu. Dawa iko katika programu: mpangilio wa vitufe waweza kubadilishwa bila kugusa chuma. Keyman, iliyoanza mwaka 1993 na sasa ni ya bure, hutoa mipangilio ya lugha nyingi sana, na mfumo wa Linux una mpangilio wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo miongoni mwa mingine.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kijistari cha kokóma hakikupotezwa na mtu mmoja. Kilinyimwa nafasi na fundi wa chuma, kikarukwa na waandaaji wa misimbo, na mwishoni kikaachwa na sisi wenyewe kwa mazoea. Sababu mbili za kwanza zimekwisha. Ya tatu ingali ipo, nayo haisingizii tena mashine.

Yatupasa basi tufanye mambo matatu. Kila idara ya lugha ichague mpangilio mmoja wa kibodi na kuufundisha katika mwaka wa kwanza, kama inavyofundisha kanuni za tahajia. Tasnifu zilizoandikwa kwa fonti za kale zihamishiwe kwenye Unicode wakati waliozitunga wangali wapo kutueleza walichokusudia. Na tunapotunga kanuni mpya ya tahajia, tuijaribu kwanza kwa vidole kabla ya kuipigia kura. Kanuni isiyoweza kupigwa chapa na mwanafunzi wa kawaida, kwenye kompyuta ya kawaida, itabaki katika kumbukumbu za mkutano. Na lugha iliyoandikwa nusu itafika nusu.