Mizani ya Mwaka Mmoja wa Uhai

Zamani thamani ya dawa ilipimwa kwa idadi ya roho ilizookoa na miaka iliyoongeza katika umri wa wagonjwa, na hisabu hiyo ilitosha maadamu maradhi yalikuwa ama ya kupona ama ya kufa. Lakini mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, tabibu Belding Scribner alipobuni bomba jembamba la kukaa daima mkononi mwa mgonjwa, ili damu yake ipate kusafishwa kwa mashine tena na tena, mtu aliyekufa figo, ambaye jana angalikatiwa tamaa, akaweza kuishi, japo akiishi hali amefungwa na mashine saa nyingi za kila juma. Mashine zenyewe zilikuwa chache. Ikawekwa kamati ya raia saba kuchagua nani aunganishwe na nani aachwe, nao, kwa kukosa mizani nyingine, wakatazama kazi ya mtu, na ndoa yake, na wanawe, na mwendo wake kanisani. Kumpima mgonjwa kwa vitu hivyo ilikuwa dhuluma, hata kama waliopima walikuwa watu wa nia njema.

Mwaka 1968 mwanazuoni wa uchumi Herbert Klarman na wenziwe wawili, walipolinganisha gharama za mashine na za kupandikiza figo, waliona kwamba kuhesabu miaka mitupu kungempunja aliyepandikizwa, ambaye huenda atakako bila ya kuingojea mashine. Basi wakakadiria kuwa mwaka wake mmoja ni sawa na mwaka na robo wa mwenziwe. Robo hiyo ilikuwa takdiri yao wenyewe.

Aliyeleta swali la kuulizwa watu ni George Torrance wa Hamilton, Kanada, mwaka 1972: ukipewa miaka 10 ya kuishi na maradhi haya, ungekubali kuibadili kwa miaka mingapi yenye siha kamili? Ajibuye 6, mwaka wa maradhi hayo huandikwa 0.6, kwa kuwa siha kamili ni 1 na mauti ni 0. Nalistaajabia swali hili, kwani lilimpa mtu asiyejua elimu ya uchumi uwezo wa kutaja kadiri ya dhiki.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwaendea majumbani watu wapatao 3,000, wakawauliza vivyo hivyo juu ya hali zilizopangwa kwa mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Hali mbaya kupita zote ikapata -0.594, yaani waliiona mbaya kuliko mauti. Kwa tarakimu hizo taasisi ya serikali ya Uingereza iitwayo NICE, iliyoanzishwa mwaka 1999, ikapima dawa mpya, na kwa miaka mingi dawa iliyogharimu zaidi ya pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka wa siha iliouongeza ilikubaliwa kwa taabu.

Hata hivyo, wengi wa walioulizwa walikuwa wazima, wakiyakisia maradhi wasiyoyaonja, ilhali yajulikana kwamba aliyezoea kiti cha magurudumu aghalabu huyathamini maisha yake kuliko jirani yake adhanivyo. Marekani, ambako wenye ulemavu wameishikilia hoja hiyo, sheria ya mwaka 2010 ilikataza kipimo hicho cha miaka ya siha kiwe mpaka wa kuamua tiba zipi zilipiwe na bima ya Medicare. Mimi siafiki kukitupa, maana pasipo mizani tutarejea kwenye kamati ya Seattle; bali swali la Torrance aulizwe kwanza yule aliyelala na maradhi yenyewe.