Popo wa miaka milioni 46 na mwamba wa almasi

Ukitaja Mwadui, mtu wa Shinyanga atakumbuka almasi. Ukitaja Geita, zitakuja dhahabu, maduara na makarasha. Popo hatajwi na yeyote. Lakini mwaka 2003 jopo la watafiti lililoongozwa na Gregg Gunnell, na ambalo ndani yake walikuwamo Watanzania Msuya na Mizambwa, lilichapisha maelezo ya popo aliyeishi katika nchi hii miaka milioni 46 iliyopita. Wakati huo hakuna mamalia wa kondo, yaani wale ambao kijusi chao hulishwa tumboni kupitia kondo la nyuma, aliyekuwa amepatikana Afrika kusini mwa Sahara akiwa wa kale kuliko yeye. Walimwita Tanzanycteris mannardi. Hakutoka Olduvai wala katika mashimo ya Tendaguru yaliyotoa mijusi mikubwa ya Lindi. Alitoka kinywani mwa bomba la kimbalaiti, mwamba uleule unaobeba almasi, na njia ya kufika kwake ilifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta mali. Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Ukanda wetu wa madini umechangia elimu ya chimbuko la wanyama kwa bahati tu, na nchi yenye migodi mingi kiasi hiki haina sababu ya kuendelea kuitegemea bahati.

Kimbalaiti ni mwamba wa volkano unaotoka zaidi ya kilomita 150 chini ya ardhi, ukipasua miamba ya juu na kukokota almasi njiani. Mlipuko wake huacha shimo pana juu ya ardhi. Maji huingia, shimo huwa ziwa, na tope laini hutuama chini pasipo mawimbi ya kulivuruga. Afrika Kusini, huko Kimberley kwenyewe kulikoupa mwamba huo jina, mvua na upepo vimeshakwangua sehemu yote ya juu, kilichobaki ni shina la bomba. Shinyanga na Singida ardhi imekwanguliwa kidogo mno, kwa hiyo mabomba yetu kadhaa bado yana vinywa vyake pamoja na mashapo yaliyotuama ndani. Mwadui ni mojawapo. Bomba hilo, lililogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill, lina ukubwa wa hekta 146 hivi na ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Mkanada mwingine wa McGill hiyohiyo, George Mannard, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1962 juu ya mabomba ya kimbalaiti ya Singida. Ni jina lake analolibeba popo wetu, na mahali popo alipopatikana, Mahenge, ni moja ya mabomba hayo. (Msomaji asiichanganye na Mahenge ya Ulanga, Morogoro, ambayo nayo ni nchi ya vito lakini haihusiki hapa.)

Mahenge haikuanza na popo. Ilianza na samaki. Mwaka 1960 Greenwood, mtaalamu wa samaki, alieleza kisamaki kidogo cha humo na kukiita Palaeodenticeps tanganikae. Miaka saba baadaye, pamoja na mwenzake Patterson, akaongeza kingine, kilichopewa jina la Singida. Kisha pakawa kimya hadi miaka ya 1990, watafiti waliporudi na kuanza kulifumua lile tope lililogeuka jiwe. Ni jiwe la matabaka membamba, unalibandua kwa kisu kama unayefungua kurasa zilizogandana, na kila ukurasa una uwezekano wa kuwa na kitu: jani lenye mishipa yake, samaki mwenye magamba yake, chura. Samaki walioitwa Mahengechromis, waliotangazwa mwaka 2000, ni wa ukoo uleule wa sato na furu wanaouzwa leo katika mialo ya Ziwa Viktoria. Majani yalionyesha kuwa pembezoni mwa ziwa lile hapakuwa na msitu mzito wa mvua kama ilivyodhaniwa kwa Afrika ya zama zile, bali pori la nchi kavu lenye mikunde, si mbali sana na miombo tunayoijua. Umri haukukisiwa kwa kutazama samaki. Ulipimwa kwa chembe za zirkoni zilizomo katika kimbalaiti, ambazo urani yake hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Jibu likawa miaka milioni 45.8.

Ndani ya jiwe hilo alilala popo mmoja, sehemu tu ya kiunzi chake. Kilichowashangaza waliompima ni sikio. Ndani kabisa ya sikio la karibu kila mamalia, mimi na wewe tukiwamo, kuna mrija mdogo wa mfupa uliojisokota uitwao koklea, ambao ndio unaopokea sauti. Popo wanaowinda gizani kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake wana koklea kubwa kupita kiasi ukiilinganisha na fuvu. Popo wengi wa matunda, wanaotegemea macho na pua, hawana. Koklea ya popo wa Mahenge ilikuwa kubwa mno. Maana yake ni kwamba miaka milioni 46 iliyopita, juu ya ziwa la kimbalaiti katikati ya Tanzania, tayari alikuwapo mnyama aliyewinda kwa mwangwi kwa ustadi wa kiwango cha popo wa leo. Binadamu alichelewa sana kulijua jambo hilo. Spallanzani wa Italia alishuku tangu miaka ya 1790 kwamba popo huona kwa masikio, akachekwa; uthibitisho ulikuja mwaka 1938 tu, Griffin wa Marekani alipozinasa sauti zao kwa chombo.

Sikio hilo lina uzito kwa sababu popo amewasumbua wanaopanga wanyama tangu siku ya kwanza. Linnaeus, aliyelitumia jina Mammalia katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake, aliwaweka popo katika kundi moja na nyani na binadamu, kwa kigezo cha matiti mawili kifuani na mambo mengine ya mwonekano. Wazo hilo lilitupwa, likarudi mwaka 1986 pale Pettigrew wa Australia alipodai kuwa popo wa matunda ni jamaa wa nyani kwa jinsi macho yao yalivyounganishwa na ubongo. Vinasaba vikalizika tena. Leo popo wanahesabiwa katika tawi kubwa moja na farasi, ng'ombe, mbwa na kalunguyeye. Vinasaba havikuishia hapo. Pimbi, yule anayeota jua juu ya majabali ya Usukumani na ambaye mtu angeapa ni jamaa ya panya, amewekwa upande wa tembo, pamoja na muhanga. Na ndani ya popo wenyewe, mgawanyo wa zamani wa popo wakubwa wala matunda na popo wadogo wala wadudu ukavunjika: popo fulani wadogo wenye ustadi mkubwa wa mwangwi wakaonekana kuwa karibu zaidi na popo wa matunda kuliko na wadogo wenzao. Mwonekano ulikuwa umedanganya karne mbili na nusu.

Hilo likazaa swali ambalo bado linabishaniwa. Je, uwezo wa kutumia mwangwi ulizuka mara moja, kisha popo wa matunda wakaupoteza, au ulizuka mara mbili mbalimbali? Mwaka 2008 lilitangazwa jiwe la Wyoming, Marekani, lenye popo wa miaka milioni 52 hivi, Onychonycteris, mwenye mbawa kamili lakini koklea ndogo, na waliomweleza wakasema popo walijua kuruka kabla ya kujua mwangwi. Wengine hawakukubali, wakasema mifupa ya koo lake inaonyesha vingine. Sitajifanya mwamuzi wa mzozo huo. Ninachosema ni kwamba bila jiwe la Mahenge, Afrika yetu ya kusini mwa Sahara isingekuwa na sauti yoyote ndani yake. Mamalia wa zama hizo waliojulikana Afrika walitoka karibu wote kaskazini, katika nchi kama Misri, Algeria na Tunisia.

Mtu makini atapinga: kielelezo kimoja, tena pungufu, kinathibitisha nini? Swali ni la haki, na jibu linategemea unachotaka kuthibitisha. Mfupa mmoja hauwezi kukwambia popo walikuwa wengi kiasi gani, walikula nini msimu upi, au walienea hadi wapi. Unaweza lakini kuvunja dai la "hawakuwapo", na dai la namna hiyo huvunjwa na ushahidi mmoja tu. Mwingine atasema siku hizi mifupa imepitwa na wakati, vinasaba vinatosha. Havitoshi. Vinasaba vinaeleza nani ni ndugu wa nani, lakini havina kalenda ndani yake. Ili kujua ndugu hao walitengana lini, mtaalamu lazima akisimike kipimo chake kwenye kisukuku chenye umri uliopimwa kwa mwamba. Kisukuku chenye zirkoni pembeni yake, kama cha Mahenge, ndicho cha thamani zaidi kwa kazi hiyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Geita. Miamba ya dhahabu ya huko ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ilikwisha kupoa kabla hapajakuwa na mnyama wa aina yoyote, sembuse mamalia. Nakubali, na asije mtu akamwambia mchimbaji wa Geita atafute mifupa ya popo ndani ya mwamba wake. Lakini kwamba elimu ya kupanga popo haimhusu, hapo sikubali. Kati ya mwaka 1998 na 2000 homa ya Marburg iliwaua watu 128 kati ya 154 waliougua huko Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, na wengi wa wagonjwa walikuwa vijana waliochimba dhahabu katika mgodi wa Goroumbwa uliojaa popo. Mwaka 2007 ugonjwa huo ukawagusa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, na hapo virusi vikatolewa katika popo wa matunda wa Misri, spishi moja inayopenda kulala mapangoni na migodini. Popo wa Kitaka wakaangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulirudi wilayani Ibanda, na watafiti walipoingia tena mgodini walikuta popo wamerudi, safari hii walioambukizwa wakiwa asilimia 13 badala ya tano za awali. Kagera imepata Marburg mwaka 2023, na tena Januari 2025 huko Biharamulo, inayopakana na Mkoa wa Geita. Duniani kuna spishi zaidi ya 1,400 za popo, yaani karibu moja katika kila tano za mamalia. Anayeingia shimo lililoachwa anahitaji kujua ni popo yupi wa kumwepuka, na elimu hiyo ni ileile iliyoanza kwa kubishania masikio na meno. Kuua kila chenye mbawa kumeshajaribiwa, na kulishindwa.

Linabaki suala la gharama. Mgodi hauwezi kusimamisha mitambo kwa ajili ya jani la kale, watasema wenye mitaji. Hakuna anayeomba hivyo. Orapa, Botswana, ni mgodi wa almasi unaofanya kazi, na mashapo ya ziwa lililokuwa kinywani mwa bomba lake, ya zama za mijusi mikubwa, yametoa wadudu na majani mengi yaliyookotwa wakati uchimbaji ukiendelea. Messel, Ujerumani, ni ziwa la volkano la karibu umri sawa na Mahenge. Palichimbwa mawe ya mafuta, kisha pakapangiwa kuwa dampo la takataka. Wananchi na wanasayansi walipambana, jimbo likapanunua mwaka 1991, na mwaka 1995 UNESCO ikapaingiza katika urithi wa dunia. Popo wa Messel ni mamia, wengine wakiwa na chakula chao cha mwisho tumboni. Wa Mahenge ni mmoja. Tofauti hiyo imetokana zaidi na wingi wa siku na mikono iliyofanya kazi kuliko na ubora wa mawe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imekwisha kuwapo. Kinachokosekana ni kipengele chepesi katika vibali: kwamba kabla ya kuondoa mashapo ya juu ya bomba lolote la kimbalaiti, Kishapu, Maswa au Singida, mtaalamu wa visukuku ayapitie, na kila kipande chenye mfupa au jani kiwekwe kando na kuandikwa kilikotoka. Tume ya Madini inaweza kulianzisha hilo, na Makumbusho ya Taifa yakapewa watu na fedha za kulisimamia. Nawe mchimbaji, ukibandua jiwe la tope lililokauka ukakuta alama ya mgongo wa samaki au ubawa, usilitupe kwenye kifusi. Andika mahali ulipolitoa na ulipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya.