Viwanja vya Wafu na Walio Hai: Historia ya Weusi katika Ardhi ya Manhattan

Anayetembelea maeneo ya historia ya watu weusi jijini New York huonyeshwa mateso kwanza. Mateso hayo yalikuwapo, hilo halina ubishi. Ila mtu akiyazungukia maeneo hayo kwa miguu ataona kwamba shauri linalojirudia ni la ardhi: nani aimiliki, nani azikwe humo, nani aondolewe.

Mwaka 1697 Kanisa la Trinity lilipiga marufuku Waafrika kuzikwa katika uwanja wake. Wakawa wanazika nje ya mji hadi miaka ya 1790, na inakadiriwa kwamba watu 15,000 wamelala pale. Baadaye mahali hapo palifukiwa, pakagawanywa viwanja, pakajengwa. Mwaka 1991 serikali ya shirikisho ilikuwa ikiandaa ujenzi wa jengo la ofisi la ghorofa 34 pale 290 Broadway, mifupa ikafukuliwa, na kazi haikukoma. Kilichoisimamisha mwaka uliofuata ni upinzani wa wananchi weusi pamoja na wanasiasa waliowaunga mkono. Kumbukumbu tunayoitembelea leo ni tunda la ugomvi huo. Mabaki ya watu 419 yalichunguzwa na Chuo Kikuu cha Howard chini ya Michael Blakey, yakazikwa upya Oktoba 2003. Wengi mno walikuwa watoto. Alikuwapo pia mwanamke mwenye meno yaliyochongwa, aliyezikwa na shanga kiunoni. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa shanga za kiunoni, ingawa hilo halimfanyi marehemu kuwa wa kwetu. Linaonyesha tu kwamba waliomzika, watumwa au la, walimpamba kwa namna waliyoona inamstahili.

Soko la watumwa la Wall Street (1711–1762) lilipata kibao mwaka 2015. Nalipita haraka, kwa kuwa kisa cha Seneca Village kinasema zaidi.

Mwaka 1825 Andrew Williams, mng'arisha viatu, alinunua viwanja vitatu kwa dola 125 mahali ambapo sasa ni upande wa magharibi wa Central Park. Katiba ya jimbo ya 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa pia njia ya kufikia sanduku la kura. Kufikia 1855 Seneca Village, kijiji kilichokua hapo, kilikuwa na wakazi wapatao 225, theluthi mbili weusi, pamoja na makanisa matatu na shule. Magazeti yaliwaita wavamizi, huku hati za viwanja zikisema vingine. Kufikia mwaka 1857 wote walikuwa wameshaondolewa ili kupisha bustani ya Central Park.

Mtetezi wa bustani atasema walilipwa. Ni kweli: Williams alidai dola 3,500, akapewa 2,335, na kwa hesabu ya fedha alipata faida. Lakini wathamini walipima ardhi na nyumba yake. Majirani, kanisa na haki ya kura havikuwa na safu katika daftari lao.