Asili ya Neno Yubilei

Katika kitabu hiki neno yubilei limeandikwa mara nyingi, na bila shaka walimu wa Rugu watauliza kwa nini wengine husema jubilei. Basi yafaa tulifuate neno hili mpaka kwao.

Waingereza huandika jubilee. Walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa katika Kilatini, jubilaeus. Lakini Kilatini nacho kililiazima kwa Wayunani, na hao kwa Waebrania. Kwa Kiebrania yobel ni kondoo dume, kisha ni pembe yake ipigwayo kutangaza mwaka wa hamsini. Pembe ikaupa mwaka jina. Sisi wasema Kiswahili hatushangai, maana mbiu nayo asili yake ni pembe ya nyati, na leo apigaye mbiu huenda hana pembe mkononi.

Neno lilipofika kwa Warumi likakutana na jingine lisilo ndugu yake, jubilare. Varro, mwanachuoni wao wa kale, aeleza kuwa lilikuwa neno la watu wa shamba: mkulima apazapo sauti kumwita mwenzake. Baadaye likawa kupiga kelele za furaha. Watu wakayachanganya maneno hayo mawili, hata o ya Kiebrania ikageuka u, na yubilei ikawa shangwe. Asemaye yubilei amefuata matamshi ya Kilatini. Asemaye jubilei amefuata Kiingereza. Hakuna mwenye kosa.

Ila kwa maoni yangu shangwe imeifunika pembe. Mambo ya Walawi, sura ya 25, haitaji ngoma wala karamu: yaamuru mtumwa aachiliwe, na shamba lililouzwa kwa umaskini lirudi kwa wenyewe. Papa Bonifasi VIII alipotangaza yubilei ya Roma mwaka 1300, aliwapa mahujaji rehema. Na mwaka 1470 Papa Paulo II alifupisha muda kuwa miaka 25, ndiyo sababu twaihesabu hiyo pia. Habari ya mashamba ikabaki nyuma.

Wazee wetu wa magharibi ya Ziwa Viktoria wangaliielewa upesi. Waliijua nyarubanja: mtu alitunza migomba na mibuni, lakini kibanja kilikuwa cha bwana, naye alimtolea ushuru. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kumwezesha mpangaji wa namna hiyo awe mwenye shamba lake. Sheria ile haikuitwa yubilei; lakini Mwebrania wa kale angaliitambua kwa jina hilo.