Jina Jipya, Masharti Mapya? Mkataba wa Mteja Kampuni Inapobadili Chapa

Novemba 2024 wateja wa Tigo nchini Tanzania waligeuka kuwa wateja wa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Mabango yalishushwa, vibanda vya mawakala vikapakwa rangi upya, na kwa muda watu walijiuliza kama laini, salio na madeni yao yamehamia kwa mtu mwingine. Kwa macho ya sheria, siku ile hakikutokea kikubwa. Makubwa yalikwisha kutokea kimyakimya. Mwaka 2022 Millicom, iliyokuwa mmiliki wa Tigo, iliuza biashara yake ya Tanzania kwa kundi lililoongozwa na Axian, kisha kampuni ya Tigo, iliyosajiliwa kwa jina la MIC Tanzania, ikaitwa Honora Tanzania. Wenye hisa walibadilika, jina la usajili likabadilika, lakini mteja aliendelea kuona neno Tigo kwenye simu yake, wala hakuhisi chochote.

Mfano huu unaonyesha jinsi mteja anavyoviona vitu vitatu kama kimoja: chapa, jina lililosajiliwa na nafsi ya kisheria. Mkataba hufungwa na nafsi. Tangu kesi ya Salomon ya mwaka 1897 nchini Uingereza, kampuni ni mtu anayejitegemea, tofauti na wenye hisa wake. Ndiyo maana hisa zinaweza kuuzwa mara tatu bila mkataba wa mteja kuguswa. Jina nalo ni hivyo hivyo. Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya 2006, kifungu cha 81, inatamka kwamba kubadili jina hakuathiri haki wala wajibu wa kampuni, na kwamba shauri lililofunguliwa kwa jina la zamani haliharibiki. Sheria za kampuni za Afrika Mashariki zilizojengwa juu ya msingi wa Kiingereza zinafuata njia hiyo hiyo.

Waliojaribu kuipinga kanuni hii hawakufika mbali. Katika kesi ya Oshkosh B'Gosh dhidi ya Dan Marbel, iliyoripotiwa mwaka 1989, mdai alitaka mkurugenzi abebe deni yeye binafsi kwa hoja kwamba kampuni ilitumia jina jipya kabla ya cheti cha kubadili jina kutolewa, kwa hiyo alifanya biashara kwa niaba ya kampuni isiyokuwepo. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa: kampuni inayobadili jina haizaliwi upya. Ni ile ile iliyokuwepo jana. Mkenya aliyenunua laini ya KenCell mwaka 2000 aliiona ikiitwa Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Angekuwa na deni la mwaka wa kwanza, hakuna hata moja kati ya majina hayo ambalo lingemfutia.

Hali ni tofauti pale ambapo nafsi yenyewe inabadilika. Mwaka 2017 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuigeuza TTCL kutoka kampuni ya simu kuwa shirika la umma. Herufi nne zilibaki zile zile, ila anayedai na anayedaiwa alikuwa mwingine. Hapo kanuni ya jina haisaidii. Mkataba mzima, haki na wajibu pamoja, huhama ama kwa amri ya sheria, ama kwa mteja kukubali kwamba mtu mpya achukue nafasi ya wa zamani. Kwa hiyo chapa inaweza kubadilika wakati nafsi imebaki, na nafsi inaweza kubadilika wakati chapa imebaki. Mteja aliye nje hana njia rahisi ya kujua kipi kimetokea.

Kuna pia mahali ambapo chapa yenyewe ndiyo iliyonunuliwa. Jengo moja la hoteli jijini Dar es Salaam limewahi kuwa Kilimanjaro Kempinski kisha likawa Hyatt Regency. Aliyelipia ukumbi wa mkutano kwa sababu ya kiwango cha mwendeshaji fulani ana hoja ya kweli mwendeshaji huyo akiondoka, ikiwa mkataba wake uliutaja uendeshaji huo. Lakini hili ni la nadra. Mwenye fedha kwenye pochi ya simu hakununua chapa. Fedha zinazolingana na salio lake zinapaswa kukaa benki katika akaunti ya amana, jina la huduma liwe lolote.

Wanasheria wengi huishia hapo: jina si kitu, mkataba uko palepale. Jibu hilo ni sahihi, na kwa mteja halitoshi. Linajibu swali ambalo halina mgogoro na kuliacha lenye mgogoro. Chapa mpya huja na programu mpya ya simu, na programu mpya huja na kitufe cha kukubali vigezo na masharti. Ndani ya masharti hayo yanaweza kuwemo ada ambazo hazikuwepo, ruhusa mpya ya kutumia taarifa za mteja, au kifungu kinachopeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama. Mteja anadhani anakubali nembo. Kumbe anatia saini mkataba mwingine.

Kampuni hujitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mkataba wa awali uliipa uwezo wa kubadili masharti kwa kutoa taarifa. Naam, lakini uwezo huo unatumika kwa kusema wazi ni sharti gani linabadilika, si kwa ujumbe wa kumkaribisha mteja katika ulimwengu mpya. Ya pili, kwamba mteja aliendelea kutumia huduma, na kwa hiyo alikubali kwa vitendo. Tangu Felthouse dhidi ya Bindley mwaka 1862, kimya peke yake si kukubali. Vitendo vinaweza kuwa kukubali, lakini mtu ambaye namba yake ndiyo anayopokelea mshahara, kulipia umeme na kukopea hana uhuru mkubwa wa kuitupa. Kupiga simu asubuhi iliyofuata si ushahidi kwamba alisoma chochote.

Anayestahili kuliangalia hili kwa makini kuliko wote ni mdhamini. Barclays ilipogeuka Absa nchini Kenya na Tanzania mwaka 2020, aliyemdhamini ndugu yake kwa mkopo hakuwa na sababu ya kudai amefunguliwa: benki ni ile ile. Lakini tangu Holme dhidi ya Brunskill mwaka 1878, mabadiliko ya maana katika mkataba mkuu, yasiyokubaliwa na mdhamini, humwondolea wajibu. Kwa hiyo benki yoyote inayotumia jina jipya kama nafasi ya kuandika upya masharti ya mikopo inaweza kujikuta imeupoteza udhamini iliodhani inaulinda.

Tume ya Ushindani ya Tanzania tayari ina mamlaka juu ya mikataba ya walaji inayoandikwa na upande mmoja. Hatua moja ingetosha: sharti lolote linaloletwa pamoja na chapa mpya lihesabike kuwa halimfungi mteja wa zamani mpaka kampuni ithibitishe kwamba ilimwonyesha sharti hilo peke yake, nje ya tangazo la jina, na kwamba angeweza kulikataa bila kupoteza huduma aliyokuwa nayo.