Nani Aliipima Bastola ya Mfukoni?

Mmarekani anayekwenda dukani kuchagua bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo hushauriwa apime unene wake, uzito wake na idadi ya risasi inazobeba. Ushauri ni mzuri, ila unaacha picha kwamba shauri zima ni la mnunuzi na fundi: huyu anataka silaha nyepesi, yule anahangaika kuipunguza. Ukiifuata historia ya bastola hizi utamkuta mtu wa tatu, mtunga sheria, na mara nyingi huyo ndiye aliyekwisha kuamua kipimo kabla wenziwe hawajaketi.

Katika karne ya 19 kuficha silaha kulikuwa aibu. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1813, Georgia ikafuata mwaka 1837. Mwaka 1850 mahakama kuu ya Louisiana ilitetea marufuku hiyo kwa hoja kwamba anayebeba silaha waziwazi anajitetea kiungwana, lakini anayeificha anavizia. Bastola aliyopigiwa Rais Lincoln mwaka 1865, ya risasi moja tu, kazi ya Henry Deringer wa Philadelphia, ilizidi kuipa hoja hiyo nguvu. Ila tazama sheria zilikoelekea baadaye. Tennessee mwaka 1879 na Arkansas mwaka 1881 zilikataza kuuza bastola za mfukoni na za mkanda, zikaruhusu tu zile kubwa za aina iliyotumiwa na jeshi la nchi kavu na la majini. Hizo zilikuwa ghali. Askari wa zamani wa Kusini wengi walikuwa nazo tayari. Mkulima fukara, na hasa Mweusi aliyetoka utumwani juzi, hakuwa na fedha za kuzinunua. Sheria iliyozungumza kuhusu ukubwa ilikuwa inachagua watu.

Mtu atapinga kwamba ninampokonya fundi haki yake. Ni kweli kwamba bila baruti isiyotoa moshi na bila akili ya John Browning, bastola bapa yenye risasi kadhaa isingekuwapo. Risasi yake ndogo ya milimita 6.35 ilizaa bastola ya FN kule Ubelgiji, na mwaka 1908 ndugu yake wa Colt, ambayo ilitoshea mfuko wa kizibao. Hakuna bunge lililobuni hayo. Lakini ufundi hutoa mambo mengi yanayowezekana, na swali langu ni lipi kati ya hayo lilifika dukani. New York, kwa mfano, iliamua mwaka 1911 kwamba bastola ya kufichwa isibebwe bila kibali, na kwa zaidi ya miaka 100 mwombaji wa kawaida alitakiwa kuonyesha sababu maalumu ya kukihitaji. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sharti hilo mwaka 2022 tu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwaka 1968. Sheria ya silaha ya mwaka huo ilizuia kuingiza nchini bastola zisizofaa kwa michezo, na maofisa wakatunga fomu ya alama: urefu, kimo, uzito, aina ya usalama. Kimo kisipungue inchi 4. Walther PPK ya Kijerumani ilipungua kidogo tu, ikakwama. Kiwanda hakikubuni kitu kipya. Kilichukua fremu ya kaka yake mkubwa, PP, kikaifunika kwa sehemu ya juu ya PPK, kikaiita PPK/S. Bastola nzima ilizaliwa kwa ajili ya kujaza fomu. Na kwa kuwa fomu ilihusu mizigo ya kutoka nje peke yake, viwanda vya California vilijaza pengo kwa bastola ndogo za bei rahisi, na baadaye PPK yenyewe ikaanza kutengenezwa Alabama, halali kabisa. Kama lengo lilikuwa kupunguza bastola za kufichwa, sheria hiyo ilishindwa; ilichofanya ni kuhamisha kiwanda.

Halafu upepo ukageuka. Florida mwaka 1987 iliagiza kibali cha kubeba silaha iliyofichwa kitolewe kwa kila anayetimiza masharti, na majimbo mengi yakaiga. Mwaka 1994 serikali kuu ilikataza magazini mpya zinazozidi risasi 10 kwa raia. Sheria mbili zilizovutana zilikutana kwenye bastola moja: kama risasi 10 ndiyo mwisho, mpini mrefu wa kubeba 15 ni wa nini? Glock 26, fupi na nene, yenye risasi 10 hasa, ilikaa sawasawa katika nafasi hiyo. Pingamizi zito zaidi ni SIG P365 ya mwaka 2018, iliyobeba risasi 10 katika mwili mwembamba wakati kikomo hicho cha taifa kilikwisha kufa tangu 2004. Hapo nakubali, ushindi ni wa wahandisi waliojua kuzibana risasi ndani ya magazini. Lakini kiwanda hakigharimiki kubana milimita bila soko, na soko hilo la watu wanaotembea na silaha kila siku lilitengenezwa na vibali.

Fomu ya alama nayo haijazikwa. Glock ni kampuni ya Austria, lakini ilipotoa bastola yake ndogo ya Glock 42 mwaka 2014, iliitengeneza Smyrna, Georgia, kwa sababu kwa udogo wake isingepita bandarini.