Nyuso Zisizo na Majina: Picha za Kale za Wachaga

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, yafaa tuzitazame pia picha za kale, kwani nazo ni sehemu ya historia ya Kanisa katika Kilimanjaro.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, wakaendelea Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Baadhi yao walikuwa na kamera. Kupiga picha wakati ule ilikuwa kazi nzito. Sura ilinaswa juu ya kioo kilichopakwa dawa, kisha kioo hicho kikasafishwa katika chumba chenye giza. Palipokuwa na mwanga hafifu, aliyepigwa picha alipaswa kutulia kabisa. Hii ni sababu mojawapo ya nyuso za wazee wetu kuonekana kali. Si kwamba hawakujua kucheka.

Katika picha nyingi wazee hao wamevaa ngozi, shanga na hereni nzito, au wameshika mkuki na ngao. Wasomaji wa Ulaya waliamini kwamba hayo ndiyo maisha ya watu waliojitenga na dunia. Haikuwa hivyo. Shanga nyingi za kioo zilitengenezwa Venice, na misafara ya pwani ilikuwa imeleta shanga na kitambaa cha merikani mlimani kabla ya misheni kufika. Vazi la asili lenyewe lilibeba habari za safari na biashara.

Picha hizo zilichapishwa katika magazeti ya misheni na kadi za posta. Kando yake ziliwekwa picha za wanafunzi waliovaa kanzu nyeupe, ili Mkristo wa Ujerumani aone safari ya kutoka gizani kwenda nuruni, naye atoe sadaka. Tukiri kwa shukrani kwamba sadaka hizo zilijenga shule na hospitali zilizotuhudumia. Lakini tukiri pia kwamba vazi alilolivaa bibi kwa heshima lilifanywa kuwa alama ya giza. Si wamisionari wote waliodharau mila zetu: Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902, aliziandika kwa bidii, na kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilitoka mwaka 1926.

Jambo moja linahuzunisha. Mangi na wamisionari walitajwa mara nyingi kwa majina; mtu wa kawaida aliandikwa tu, “mwanamke wa Kichaga.” Hata hivyo, misheni hiyohiyo iliandika jina la kila aliyebatizwa katika daftari la ubatizo. Daftari lilihifadhi majina bila nyuso. Picha zikahifadhi nyuso bila majina.

Leo picha nyingi za Leipzig zinaonekana kwa njia ya intaneti, kupitia Chuo Kikuu cha Southern California. Kwa hiyo ni wajibu wetu kuwaonyesha wazee wetu picha hizo, pamoja na zile zilizomo makabatini mwetu, na kuandika majina wanayoyakumbuka kabla hawajatutoka. Tunamhubiri Mchungaji amjuaye kila kondoo wake kwa jina. Haifai sisi tuwaache waliotutangulia wabaki bila majina.